Taa Inayochungulia Ndani ya Kichwa



Mwezi huu ninaanza na picha. Mama mumoja wa kikundi cha wamama alinisimamisha kwenye mulango wa kanisa, akanionyesha telefone yake. Kwenye picha kulikuwa mutoto mudogo sana, hata ungemubeba juu ya kiganja kimoja. Binti ya yule mama anakaa Ulaya, naye alizaa mbele ya wakati, mimba ikiwa ya juma 27. Mutoto amelala ndani ya sanduku la vioo. Kwenye paji la uso wake wamebandika kitu sawa plasta, na pembeni ya ile plasta munaonekana mwangaza mwekundu kidogo. Nkambo wa mutoto akaniuliza kwa sauti ya chini: "Pasta, ile taa inatafuta nini kwenye kichwa cha mujukuu wangu? Haitachoma ubongo wake?"

Siku ile sikumujibu. Mimi si munganga, na haifai kubahatisha mbele ya nkambo mwenye hofu. Nikamwomba wakati. Nikauliza, nikasoma, na leo ninaleta jibu hapa, maana ninajua hayuko peke yake. Wengi wenu muna watoto na ndugu kule Ulaya, Marekani ao Afrika ya Kusini. Tena tangu ugonjwa wa Covid wa mwaka 2020, ile mashini ndogo ya kubana kidole imeonekana hata huku kwetu. Mashini ya kidole na hii ya kichwa ni ndugu. Anayeelewa moja ataelewa na ingine.

Ubongo hauna gala

Muangalie kwanza shida yenyewe. Ubongo wa mutu mukubwa una uzito wa karibu kilo 1 na grama 400. Ni kama sehemu 2 juu ya 100 za mwili wote. Lakini ile sehemu 2 inakula karibu sehemu 20 juu ya 100 za oksijeni tunayoitumia. Misuli ya mukono inaweza kuvumilia kwa muda, lakini ubongo hauna gala ya kuweka akiba. Damu ikisimama kufika pale, mutu anazimia kisha sekunde 10 hivi. Dakika 4 ao 5 zikipita, chembe za ubongo zinaanza kufa, na zile haziote tena kama kucha. Ninyi muliofanya kazi ya shimo munajua namna mutu anavyoshuka mahali pasipo na hewa: hana hata wakati wa kuita. Mwenzake anashuka kumuokoa, naye anaanguka palepale.

Sasa munganga atajuaje kama ubongo unakosa oksijeni mbele mambo hayajaharibika? Mutu aliyelazwa usingizi wa upasuaji utamuuliza nini? Na mutoto asiyejua kusema? Zamani waliangalia midomo na kucha, kama zinageuka buluu. Juu ya ngozi nyeusi ile rangi inajificha, na ikionekana, mara nyingi wakati umekwisha kupita. Njia ingine ilikuwa kuingiza mupira mwembamba katika mushipa mukubwa wa shingo, pale damu inapotoka kichwani, na kuvuta damu kidogo ili ipimwe. Ile si kazi ya kufanya kila saa kwa mutoto wa kilo moja.

Tochi na mufupa wa ngombe

Vijana, mufanye hivi usiku wa leo. Mukamate tochi na kufunika kioo chake kwa vidole, ndani ya giza. Vidole vitawaka nyekundu. Hapo mujiulize maswali mawili. Kwa nini nyekundu, na mwangaza wa tochi ni mweupe? Na mifupa iko wapi, mbona kivuli chake hakionekani?

Jibu la kwanza: mwangaza mweupe ni rangi nyingi zilizochanganyika. Damu inakula rangi ya buluu na ya kijani, lakini nyekundu inapita. Jibu la pili: ndani ya mwili mwangaza hauendi mustari mumoja kama risasi. Unagongana na vitu vidogo vidogo, unageuka huku na huku, sawa taa ya gari ndani ya ukungu wa asubuhi. Ndiyo sababu kidole chote kinawaka na mufupa haupigi kivuli. Tena, na hili ndilo watu hawakuliwaza, mufupa hauzuii sana ule mwangaza.

Frans Jöbsis alikuwa mwalimu katika chuo kikuu cha Duke, katika muji wa Durham, Marekani. Yeye mwenyewe alieleza kwamba siku moja aliinua mbele ya taa mufupa bapa wa nyama ya ngombe iliyokuwa imeliwa, akaona mwangaza mwekundu unapenya. Sisi tungemutupia imbwa ule mufupa. Yeye akawaza: kama mwangaza mwekundu unapita hapa, basi ule wenye kufuata nyekundu, ule macho yetu hayauoni, utapita vizuri zaidi. Mwangaza ule unaitwa infraruji. Mwaka 1977 aliandika katika gazeti la Science namna alivyoupitisha kichwani na kuona mabadiliko ya oksijeni, bila kisu na bila sindano.

Si kila mwangaza unaofaa. Wajuzi wanaupima kwa urefu wa mawimbi yake, na kipimo ni nanometa, ni kusema milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Chini ya nanometa 650, damu inaukula karibu wote. Juu ya 950, maji ya mwili yanaukula. Katikati panabaki dirisha jembamba, na ni pale tu mutu anaweza kuchungulia.

Na anachungulia nini? Rangi ya damu. Damu yenye oksijeni ni nyekundu yenye kuwaka, na ile isiyo na oksijeni ni nyekundu ya giza. Ni kwa sababu ya hemoglobini, kitu kinachobeba oksijeni ndani ya damu sawa lori inavyobeba madini: ikijaa iko na rangi moja, ikirudi wazi iko na rangi ingine. Wale wanaochagua mawe kule Kolwezi wanatenga malakiti ya kijani na eterojeniti nyeusi kwa jicho tu, hawana lazima ya laboratuari. Mashini inafanya vilevile, lakini kwa taa mbili. Ya kwanza, ya karibu nanometa 730, inakulwa zaidi na damu isiyo na oksijeni. Ya pili, ya kupita 800, inakulwa zaidi na damu yenye oksijeni. Mashini inalinganisha mwangaza uliorudi wa kila taa, kisha inafanya hesabu.

Kibandiko cha mutu mukubwa kiko na taa upande mumoja, na upande mwingine kiko na macho mawili ya kupokea, moja kwa sentimita 3, lingine kwa sentimita 4. Mwangaza unaingia, unatangatanga, na sehemu kidogo sana inatoka tena. Njia yake imepinda kama ndizi, na hata wajuzi wenyewe wanaiita hivyo, ndizi. Jicho la karibu linapokea zaidi mwangaza uliopita katika ngozi na mufupa. Jicho la mbali linapokea ule ulioshuka zaidi mpaka ubongo. Ukitoa habari ya jicho moja katika habari ya lingine, inabaki habari ya ubongo. Lakini musidanganyike, si ubongo wote. Ni sentimita mbili hivi toka juu ya ngozi, nyuma ya paji la uso. Mambo yanayopita katikati kabisa ya kichwa, mashini haiyajui.

Hata ile hesabu haikuwa rahisi. Kama haujui mwangaza umetembea urefu gani, hautajua umekutana na damu kiasi gani. Mwaka 1988 David Delpy na wenzake wa University College London walionyesha namna ya kupima ule urefu, wakitumia mwangaza wa laza unaowaka kwa muda mufupi sana na kuangalia unachelewa namna gani kutoka. Vipimo vya nyuma vilionyesha kwamba njia yake inapita umbali wa mustari ulionyooka karibu mara 5 katika kichwa cha mutoto muchanga, na karibu mara 6 katika kichwa cha mukubwa.

Kidole kinasema 97, kichwa kinasema 68

Wengine wakiona hivi wanashituka. Mutu ni muzima, kidole chake kinasema 97 na kichwa chake kinasema 68. Ubongo wake umepungukiwa? Hapana. Njia ya kupima kwa kidole ilivumbuliwa na Takuo Aoyagi kule Japani, mwaka 1974. Inahesabu tu damu yenye kupiga pamoja na moyo, ni kusema damu inayofika. Mashini ya kichwa inahesabu damu yote iliyo pale, na sehemu kubwa ni ya mishipa ya kurudisha.

Wamama, muwaze juu ya bukari. Kidole kinawaambia bukari kiasi gani kilitoka jikoni. Kichwa kinawaambia kiasi gani kilibaki kwenye sahani kisha watoto kula. Sahani zikirudi zimelambwa safi, ni kwamba watoto hawakushiba, hata kama jikoni wanaapa ya kuwa walipakua vizuri. Kwa mutu mukubwa mwenye afya, kinachobaki ni kama 60 mpaka 75 juu ya 100. Lakini watu hawafanani, ndiyo maana wanganga wanaandika kwanza hesabu ya mutu mwenyewe mbele ya upasuaji. Ikishuka kwa sehemu moja ya tano, wanaanza kutafuta: pengine shingo imelala vibaya na mushipa umebanwa, pengine nguvu ya damu imeshuka, pengine damu yenyewe imepunguka. Na kwa kuwa haina lazima ya mupigo, inafanya kazi hata wakati wa upasuaji wa moyo, moyo wenyewe umesimamishwa na mashini ndiyo inasukuma damu. Kidole wakati ule kinanyamaza.

Turudi kwa mujukuu. Mufupa wa kichwa cha mutoto muchanga ni mwembamba sana, kwa hiyo watoto walikuwa kati ya watu wa kwanza kupimwa, kule Duke mwaka 1985 na kule London mwaka 1986, katika kazi ya Osmund Reynolds na wenzake. Kuchoma ubongo, hapana. Ule mwangaza ni mudogo, si redio ya kupiga picha ya mifupa, na jua la saa sita linatia mwangaza wa namna ile ile kwenye kichwa cha kila mutu anayetembea pasipo kofia. Kinachoweza kumuumiza ni plasta yenyewe. Ngozi ya mutoto wa juma 27 ni nyepesi kama ganda la kitunguu, na kibandiko kikikaa sana mahali pamoja kinaweza kuacha kidonda. Kwa hiyo mama mwenye mutoto pale ana haki ya kuuliza: munakigeuza mara ngapi?

Hapa ninapashwa kusema neno ambalo wenye kuuza mashini hawatalitanguliza. Wanganga wa Ulaya, wakiongozwa kutoka Danemarki, walifanya jaribio linaloitwa SafeBoosC. Katika lile la mwaka 2015, kwa watoto 166, ilionekana kwamba mashini inasaidia kweli kupunguza wakati ambao ubongo unakaa inje ya kiasi kinachofaa, waliokiweka kati ya 55 na 85. Watu wakafurahi. Kisha wakafanya jaribio kubwa, watoto 1601 katika inchi 17, wote waliozaliwa mbele ya juma 28. Kikundi kimoja kilitunzwa kwa kufuata mashini ya kichwa kwa muda wa saa 72 za kwanza, na kingine kilitunzwa kama kawaida. Matokeo yalitoka mwaka 2023. Kati ya waliotunzwa kwa mashini, waliokufa ao kuumia ubongo vibaya walikuwa 35,2 juu ya 100. Kati ya wale wengine, 34,0. Hakuna tofauti.

Musiseme basi mashini ni ya bure. Inaonyesha shida, lakini dawa ya shida ni kitu kingine, na kwa watoto wadogo namna ile dawa zenyewe bado hazitoshi. Ninaandika hivi kwa sababu ninaijua mioyo yetu. Tukisikia kule mbali kuna mashini fulani, tunalia kwamba mutoto wetu alikufa kwa kuikosa. Wako wamama katika makanisa yetu wanaobeba muzigo ule miaka mingi, na katika habari hii muzigo ule si wao.

Ngozi yetu na ule mwangaza

Mutu mwenye akili atauliza: kama ni mwangaza unaopita katika ngozi, na ngozi yetu ni nyeusi? Swali ni la haki, na limechelewa sana kuulizwa. Rangi ya ngozi inatoka kwa melanini, nayo inakula mwangaza. Mwezi wa 12 mwaka 2020, wanganga wa Michigan, Marekani, walitangaza vipimo vyao vya mashini ya kidole. Walikamata wagonjwa ambao kidole kilisema 92 mpaka 96, ni kusema hesabu ya kutuliza, kisha wakaangalia damu yao iliyovutwa kwa sindano. Kwa weupe, mara 3,6 juu ya 100, oksijeni ya kweli ilikuwa chini ya 88. Kwa weusi ilikuwa mara 11,7. Karibu mara tatu. Mutu anaambiwa yuko muzuri, na hayuko muzuri.

Kwa mashini za kichwa, mambo yanaweza kugeuka. Mashini zingine, juu ya ngozi nyeusi, zinatoa hesabu ya chini kuliko ile ya kweli. Kidole kinasifu kupita kiasi, kichwa kinalalamika kupita kiasi. Sababu ni kwamba wakati wa kuzitengeneza na kuzijaribu, watu wa ngozi kama yetu walikuwa wachache mule. Hilo si jambo la ufundi tu. Lakini tusitupe kipimo. Kwa mutu mumoja, ngozi yake haibadiliki toka asubuhi mpaka jioni, kwa hiyo hesabu ikishuka toka 70 mpaka 50 ndani ya saa moja, ile kushuka ina neno, ngozi iwe ya rangi gani.

Nyewele pia zinazuia mwangaza, zaidi nyewele nyeusi na nzito. Ndiyo sababu wanapenda paji la uso. Mabinti wenye misuko mikubwa, mujue.

Kijana mumoja aliponisikia nikieleza habari hii aliuliza kama ile mashini inasoma mawazo. Hapana. Lakini swali lake si la kuchekwa. Sehemu ya ubongo inapofanya kazi, damu nyingi zaidi inafika pale, na mwangaza unaweza kuona lile badiliko. Wajuzi wa Uingereza walipeleka mashini ya namna hii mpaka Keneba, kijiji cha Gambia, na mwaka 2014 wakatangaza kazi yao ya kwanza. Mutoto anakaa juu ya magoti ya mama yake, amevaa mukanda laini kichwani, anasikia sauti na kuona picha, na wao wanaangalia ni sehemu gani ya ubongo imeamuka. Wanataka kujua njaa na lishe mbaya vinaanza wakati gani kuchelewesha ubongo, mbele mutoto hajafikia umri wa masomo. Ile kazi haikulazimu kupasua kitu wala kumulaza mutoto ndani ya mashini kubwa.

Neno moja juu ya mbabula

Ninalitia hapa kwa sababu miezi ya baridi inarudi kila mwaka, na linahusu mwangaza ule ule. Mbabula ya makala ikiwashwa ndani ya nyumba iliyofungwa, inatoa monoksidi ya kaboni. Hauioni, hauisikii harufu. Ile hewa inakamata nafasi ya oksijeni juu ya hemoglobini, na inaishikilia kwa nguvu. Na tazama ubaya wake: hemoglobini iliyokamatwa vile inabaki nyekundu nzuri, kwa hiyo mashini ya kidole ya kawaida inadanganyika. Inaandika 98 juu ya mutu ambaye ubongo wake unakufa kwa kukosa oksijeni. Ni vile kwa motopompe ya mafuta inayotumikishwa ndani ya shimo. Mukikuta watu wameumwa kichwa wote pamoja, wanatapika, wanalegea, ao mumoja hawezi kuamushwa, mufungue milango, muwatoe inje, muwapeleke hopitali, na museme wazi kwa munganga kwamba kulikuwa makala. Musikubali hesabu ya kidole iwarudishe nyumbani. Na ndani ya shimo musishuke nyuma ya mwenzenu bila hewa kupelekwa kwanza.

Nilimurudia nkambo na majibu haya. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu kimoja tu: basi hesabu ya mujukuu ni ngapi? Nikamwambia amuulize binti yake, lakini aulize hesabu mbili, ya siku ya kwanza na ya leo. Jibu lilifika siku ya tatu: 66 siku ya kwanza, na sasa 72. Plasta wanaigeuza. Ameziandika zile hesabu mbili kwa kalamu nyuma ya kitabu chake cha nyimbo, na chini yake ameacha nafasi.